Mwanafunzi aliniuliza: umeyasoma au umeyaona?

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkufunzi wa sayansi ya jamii chuoni, mwanamume wa miaka 43. Nafundisha sosholojia mwaka wa kwanza na mbinu za utafiti mwaka wa pili. Huu ni mwaka wangu wa 9 kazini. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana, kwa hiyo nisamehe kama itaruka huku na huku.

Mkuu wa idara ametuagiza wakufunzi wote tuandike kurasa mbili: ulikotoka, ulivyofika kwenye taaluma, na falsafa yako ya ufundishaji. Kurasa hizo zitakwenda sehemu mbili. Kwanza zitasomwa na kamati ya kupandisha vyeo, na jina langu limo mwaka huu. Kisha zitachapishwa kwenye kijitabu wanachopewa wanafunzi wapya ili wawafahamu walimu wao. Tulipewa wiki 3. Zimebaki siku 9.

Za kwangu nimeshaziandika. Zinaanza hivi: “Ninaamini katika ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati.” Zinaendelea kwamba nilihitimu shahada ya kwanza kwa ufaulu mzuri, nikapata ya pili, nikaajiriwa. Ukizishika sambamba na vyeti vyangu hutaona kosa. Lakini juzi usiku nilizisoma kwa sauti, nikaona kama nasoma habari za mtu nisiyemjua.

Mama yangu alitulea kwa kufua nguo za watu. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea. Najua uzito wa shuka la kitanda kikubwa likiwa limelowa, unavyolikamua huku na mwenzako analikamua kule mpaka viganja vinawaka. Nilifaulu, nikaingia chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu. Mwaka wa kwanza nikadisko, yaani nikafukuzwa chuo kwa kufeli.

Sikuwa mlevi wala mtoro. Nilikaa mbele, nikanakili kila neno, nikakariri mpaka usiku wa manane. Ila karatasi ya mtihani ikisema “Jadili”, nilikuwa sijui mtu anatakiwa afanye nini. Mimi nilidhani kujadili ni kueleza yote uliyofundishwa bila kuacha hata nukta. Kumbishia mtu aliyeandika kitabu lilikuwa jambo lisilonipitia hata akilini. Wenzangu walionekana wanajua, nami nikaona aibu kuuliza neno moja tu. Nikarudi nyumbani na begi langu, nikamwambia mama chuo kimefungwa kwa muda. Alinitazama, akaniwekea maji ya kuoga. Mpaka leo hatujalizungumza, na yeye bado yupo.

Nilipakua mizigo ghalani miaka 6. Baadaye nikaomba upya, chuo kingine, nikaanza mwanzo kabisa. Kazini hakuna anayejua. Kwenye fomu za ajira sikudanganya, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mke wangu anajua tu kwamba “nilichelewa kusoma”.

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Muhula huu nilifundisha mada ya elimu na matabaka. Nilieleza jinsi shule inavyodai vitu ambavyo yenyewe haivifundishi, kisha inawapima wote kwa vitu hivyo. Darasa lina wanafunzi 180 na zaidi. Kipindi kilipokwisha, binti mmoja anayekaa nyuma karibu na mlango alisubiri wenzake watoke. Daftari lake limejaa maandishi mpaka kwenye jalada la ndani. Akasema: “Samahani mwalimu. Haya ya watoto wa maskini kushindwa shule, umeyasoma au umeyaona?”

Nikamjibu: “Nimeyasoma.”

Akasema, “Asante, mwalimu,” akaondoka.

Wiki iliyofuata nilisahihisha jaribio. Alipata 11 kwa 30. Swali lilisema “Jadili”. Alikuwa ameandika notisi zangu neno kwa neno, pamoja na mwaka mmoja nilioukosea ubaoni. Vipindi viwili vya mwisho sijamwona.

Na hilo la “mwanafunzi katikati” si kweli. Ninasoma slaidi, ninaimla notisi. Nina darasa kubwa, ndiyo, lakini zaidi ya hapo ninaogopa. Ninaogopa swali nisilolijua. Mtu aliyewahi kufukuzwa hajiamini akisimama mbele, hata ipite miaka mingapi. Labda kitu kimoja tu ninachofanya ambacho sikioni kwa wenzangu: kila karatasi ninayosahihisha naiandikia swali moja pambizoni, hata iwe imepata alama gani. Kwa sababu hiyo nachelewa kurudisha kazi, na mkuu wa idara amekwisha kunisema.

Mwenzangu mmoja nilimdokezea nusu ya habari. Akaniambia: “Usijivue nguo. Kamati haipandishi mtu cheo kwa kumwonea huruma.” Moyo mmoja unakubaliana naye. Tena siku zote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mtafiti huacha mambo yake mlangoni. Moyo mwingine unasema nina deni kwa watoto kama yule binti, na kwamba nikizichapisha zile kurasa kama zilivyo nitakuwa nimemjibu “nimeyasoma” kwa mara ya pili, safari hii kwa maandishi.

Niandike yote? Niandike kidogo? Au niache zilivyo, niendelee na kazi?

Mkufunzi wa siku 9

JIBU

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi na nikairudia jioni, na mara zote mbili nilisimama palepale, kwenye maji ya kuoga. Nitakuja hapo.

Kwanza niseme ninavyoielewa shida yako, unisahihishe nikikosea. Una mambo matatu na umeyafunga kwa kamba moja. Kuna kurasa mbili ambazo kamati inazihitaji. Kuna jambo umelinyamazia kwa zaidi ya miaka 20. Na kuna binti aliyekuuliza swali, akajibiwa, kisha akatoweka darasani. Unahisi kwamba ukipata maneno sahihi ya zile kurasa, yote matatu yatatulia pamoja. Naelewa kwa nini unatamani hivyo. Ila sina hakika kama mambo haya yanaweza kutulizwa na karatasi moja, kwa sababu kila moja lina mtu wake anayelisubiri.

Nianze na swali la binti. Wewe umelisikia kama linauliza siri yako. Inawezekana. Lakini hebu lisikilize tena kwa sikio la mtu anayekaa nyuma karibu na mlango. “Umeyasoma au umeyaona?” Huenda alikuwa anajiuliza yeye: haya ninayoyaona nyumbani kwetu yana nafasi humu ndani, au humu yanaingia ya vitabuni tu? Kama ndivyo, amekuuliza swali kubwa kuliko yote katika somo lako, pengine bila kujua. Mwaka 1959 C. Wright Mills, mwanasosholojia wa Marekani, alilitengenezea mfano ambao bila shaka umewahi kuuandika ubaoni: katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, hiyo ni shida yake binafsi; lakini katika taifa la wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, hilo ni suala la jamii nzima. Nilipomaliza barua yako niliona kwamba mada hii unaifundisha kama suala la jamii, na mwaka wako ule wa kwanza umeubeba kama shida yako, peke yako, kwa aibu. Yule binti alisimama katikati ya hayo mawili akauliza yanakutania wapi.

Jibu lako, “nimeyasoma”, usilihukumu mno. Ni kweli umeyasoma. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia ambaye mada yako ile imesimama mabegani mwake, alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta kutoka kijijini kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Jean-Claude Passeron walionyesha jinsi chuo kikuu kinavyowazawadia vijana kwa mambo waliyorithi nyumbani huku kikiyaita vipaji. Hakuyaweka maisha yake mbele kama ushahidi. Alikuja kujiandika mwishoni kabisa mwa maisha yake, na hata hapo alisisitiza kwamba anachokiandika si tawasifu. Kwa hiyo, unapojiambia kwamba kunyamaza kwako kumeufanya ufundishaji wako wote kuwa uongo, nakusihi ulipime hilo taratibu. Mtu anaweza kunyamaza kwa hofu, na anaweza kunyamaza kwa sababu anachokilinda ni chake. Kwako naona kama yapo yote mawili, na wewe peke yako ndiye utakayejua lipi limezidi.

Sasa hilo la kuacha mambo yako mlangoni. Nadhani chimbuko lake unalijua. Mwaka 1917, kule Munich, Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliwaambia wanafunzi kwamba mwalimu asiigeuze meza yake ya kufundishia kuwa mimbari ya siasa. Tazama sababu aliyoitoa: mwanafunzi amekaa kimya, analazimika kuhudhuria kwa ajili ya masomo yake, na hana nafasi ya kumjibu aliyesimama mbele. Hofu yake ilikuwa nguvu ya mwalimu juu ya watu wasioweza kumjibu. Kutaja ulikotoka hakuwalazimishi wanafunzi wafuate msimamo wako, kwa hiyo sioni kwamba Weber anakufunga mdomo hapo. Ila onyo lake linakuhusu kwa upande mwingine. Ukisimama mbele ya watu 180 ukawasimulia habari za mama na ghala, watakusikiliza, na baadhi watalia. Je, atakuwepo atakayeweza kunyoosha mkono aseme, “Mwalimu, hata mimi natoka huko, lakini mimi sioni hivyo”? Kama hayupo, umewagusa na hapohapo umewanyamazisha.

Kuna sauti nyingine ningependa uisikie kando ya hiyo. Mwandishi na mwalimu wa Marekani bell hooks (mwenyewe aliliandika jina lake kwa herufi ndogo), ambaye mama yake alitumika nyumbani kwa watu na baba yake alikuwa mfanyakazi wa usafi, alikuwa mkali juu ya jambo moja: mwalimu anayetaka wanafunzi wafunue maisha yao huku yeye amejifunika anatumia mamlaka vibaya. Hakusema mwalimu amwage yote. Alisema asiombe asichokuwa tayari kutoa. Nakuuliza basi, kwenye mbinu za utafiti, huwa unawapa kazi ya kuandika juu ya kaya zao, wazazi wao, kipato cha kwao? Kama unawapa, deni unalolihisi lina mahali pake hasa, na mahali hapo ni ndani ya darasa lile, karibu zaidi kuliko kijitabu cha wanafunzi wapya. Kama huwapi, pengine deni hilo ni dogo kuliko linavyokuelemea usiku.

Tuje kwenye njia zako tatu.

Kuziacha kurasa zilivyo ni njia halali. Nasema hivyo kwa sababu barua yako inaizungumzia kama usaliti. Hakuna kamati yenye haki juu ya mwaka uliodisko, na mkufunzi anaweza kuandika historia yake ya kitaaluma kuanzia shahada yake ya kwanza bila kumdanganya mtu. Kinachonitia wasiwasi katika kurasa hizo ni ile sentensi yako ya kwanza. “Mwanafunzi katikati.” Wewe mwenyewe umesema si kweli. Hiyo ndiyo itakayokuuma kila utakapokiona kijitabu, na tena mjumbe yeyote wa kamati akikuuliza “tupe mfano”, utaanza kutafuta. Kwa hiyo hata ukichagua kunyamaza juu ya maisha yako, bado nadhani una kazi ya kufanya kwenye aya hiyo.

Kuandika yote kuna uzuri wake, na uzuri huo umeueleza vizuri kuliko ambavyo ningeueleza mimi. Ngoja nikae kidogo kwenye hatari, kwa sababu kuna moja hukuitaja na ndiyo inayonisumbua. Umetaja kudharauliwa, umetaja kuonekana unatafuta huruma. Mwenzako amekuonya juu ya kamati, na simwoni kama mtu mbaya, kazini kuna watu watakaokusoma kwa jicho hilo miaka yote. Lakini fikiria mwanafunzi mpya anapokisoma kisa chako. Mama mfuaji, kijana aliyefukuzwa, ghala, kisha mkufunzi. Atakachokichukua kirahisi zaidi ni “ukijituma unafika”. Na baada ya wiki chache atakuja darasani kwako, utamfundisha kwamba wengi hawafiki hata wakijituma, na utamweleza kwa nini. Kisa chako, kikisimama peke yake, kinabishana na mada yako. Kinaweza hata kuwa fimbo ya kuwachapia wenzake: mbona mwalimu aliweza? Wale uliopakua nao mizigo, walikuwepo waliokuwa na akili kama zako? Wako wapi leo? Kama utaandika, basi nao wana haki ya kuonekana humo, hata kwa sentensi moja. Bila wao, utakuwa umeandika habari za shujaa, na wewe hufundishi hivyo.

Halafu kuna mama yako. Mwalimu, katika barua nzima umehesabu kamati, mkuu wa idara, mwenzako, wanafunzi, moyo mmoja na moyo mwingine. Mama yako hukumhesabu miongoni mwa wanaopaswa kuulizwa. Nguo zile alizifua yeye. Inawezekana atafurahi kuona jasho lake limechapishwa. Inawezekana pia ni jambo ambalo hataki lisomwe na watu asiowajua, na ana sababu zake. Nami nina shaka kama aliamini kwamba chuo kimefungwa. Mzazi anayemtazama mwanawe amerudi na begi katikati ya mwaka, asiulize, amwekee maji ya kuoga, mara nyingi ameshaelewa. Labda amekuwa akikusubiri uanze wewe. Labda ameshasahau. Lakini ningekuwa karibu nawe ningekuuliza: ungependa asikie kwanza kutoka kwako, au kutoka kwa mtu aliyekisoma kijitabu? Na mke wako je? “Nilichelewa kusoma” ni sentensi ambayo ameishi nayo. Akiikuta nusu yake ya pili imechapishwa, hatasononeshwa na kudisko. Atasononeka kwamba chuo kizima kilijua siku moja naye.

Njia ya kati, kuandika kidogo, watu huiona ya uoga. Mimi siioni hivyo, ingawa nayo ina mtego. Unaweza, kwa mfano, kuandika kwamba ulipokuwa mwanafunzi hukujua neno “jadili” linadai nini, kwamba hakuna aliyekufundisha, na kwamba leo wewe unalifundisha. Hapo hujataja kudisko, hujamtaja mama, na mwanafunzi anayehitaji kuelewa ataelewa. Mtego ni maneno yale ya mwisho. Je, unalifundisha? Yule binti alikuandikia notisi zako neno kwa neno, kama ulivyofanya wewe, na akapata 11. Sikwambii hili kukuumiza. Karatasi ilistahili alama hiyo kwa vigezo mlivyowekewa, naamini. Lakini wewe ni mmoja wa walimu wachache wanaoweza kuitazama karatasi ya namna ile na kujua hasa ni nini kinakosekana, kwa sababu uliwahi kuwa ndani yake. Mwingine ataona uvivu au kukariri. Wewe unaona mtu ambaye hajaambiwa.

Hapo ndipo ulikotoka kunapokuwa na kazi, hata kusiposimuliwa. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, alizaliwa Recife mwaka 1921, na familia yake ilifukarika baada ya mdororo wa uchumi wa 1929; yeye mwenyewe alieleza jinsi njaa ilivyomzuia asielewe masomo utotoni. Mwaka 1963, pale Angicos, mji mdogo wa Brazil, mpango wake ulifundisha kusoma wafanyakazi wapatao 300 kwa saa 40 hivi. Hakuwafundisha kwa kuwasimulia njaa yake. Yeye na wenzake walianza kwa kuwasikiliza, wakachukua maneno ya maisha yao wenyewe, yakawa ndiyo somo la kwanza. Utoto wake ulimsaidia kujua asikilize nini.

Kuhusu kuimla notisi, usijipige sana. Watu 180 ni wengi, na mhadhara si dhambi. Ila umesema unaogopa swali, na hofu hiyo naomba uiangalie, kwani ndiyo inayokufanya ujaze kila dakika. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechapisha matokeo yake miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuendelea. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yanakuwa marefu na wale waliozoea kukaa kimya wanaanza kusema. Sekunde 3, mwalimu! Jaribu kuzihesabu kimoyomoyo ukiwa umesimama mbele, utaona zilivyo ndefu. Hazihitaji darasa dogo wala ruhusa ya idara.

Lakini nikuonye upande wa pili. Utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019, kwenye madarasa ya fizikia, ulikuta kwamba wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi walipopimwa, huku wenyewe wakidhani wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mtamu. Fizikia si sosholojia, na darasa lako unalijua wewe. Hata hivyo jiandae: ukianza kubadili namna unavyofundisha, wapo watakaonung’unika kwamba mwalimu siku hizi hatoi notisi. Katika mwaka wa kupandishwa cheo, manung’uniko hayo yanaweza kukugharimu. Huenda ukaona ni busara kuanza na kitu kidogo, kipindi kimoja cha kufundisha “jadili” kwa karatasi halisi isiyo na jina, mbele yao, sentensi baada ya sentensi: hapa amekariri, hapa ameuliza, hapa amebisha.

Tena lile swali la pambizoni ulilolitaja kwa haraka, kama mtu anayeungama kosa. Kwa hesabu yangu hayo ni maswali 180 kwa kila jaribio, kwa mkono, na unasemwa kwa ajili yake. Mtu hafanyi kazi hiyo kwa miaka 9 bila kuamini kitu. Unaamini nini unapoandika swali kwenye karatasi ya mtu aliyefeli? Sijui jibu lako, na nisingependa kukuwekea maneno mdomoni. Lakini ningeanzia hapo ile aya ya kwanza, kabla ya neno lolote la “katikati”.

Naja kwa binti, nimemweka mwisho kwa sababu yeye hana siku 9. Kamati ina tarehe yake, na mitihani ya muhula ina yake. Mtu aliyekosa vipindi viwili baada ya kupata 11 yuko mahali unapopajua. Kiongozi wa darasa anaweza kumfikishia ujumbe kwamba mwalimu anaomba kumwona kuhusu jaribio lake, saa za kazi, mlango wazi, bila kumtangaza mbele ya wenzake. Asibebeshwe maisha yako. Ana mzigo wake. Ukiona inafaa, unaweza kumpa tu sehemu ya jibu iliyobaki siku ile: “Uliniuliza kama nimeyasoma au nimeyaona. Niliyaona pia.” Na ukiona haifai, mnaweza kukaa na karatasi ile mezani mkazungumzia neno “jadili” peke yake. Hata hilo peke yake wewe hukulipata.

Nina jambo moja tu la kukuuliza, na ningefurahi ukinijibu hata baada ya siku 9 kupita. Umesema kila karatasi huiandikia swali pambizoni. Kwenye karatasi yake uliandika swali gani?